Mtani Aliyetoa Pole

Tulipomwacha Fulgence alikuwa amesimama kwenye udongo mbichi wa kaburi la baba yake, mzee Viktor, kule Lumemo, na simu inamtetemeka mfukoni. Kwa wenye kusahau upesi, huyu ni yule fundi simu wa Ifakara aliyemkataa Paulina mbele ya padri na wazee wa pande zote mbili, kisa mwanamke wa kwenye gemu ambaye hajawahi kumtia machoni. Paulina alifuta machozi, akakubali posa ya mwalimu wa Mang'ula. Mzee Viktor alinuna, na akafa akiwa bado amenuna.

Ujumbe uliotetemesha simu makaburini uliingia kupitia gemu, kutoka kwa mwanamke huyohuyo. Anaitwa Omega, Mngoni wa Songea.

Fulgence aliusoma waliporudi nyumbani, akiwa amejibanza nyuma ya jiko la matanga. "Pole sana kwa msiba, Fulgence. Nasimama pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu. Mwenyezi Mungu ampe baba pumziko la milele."

Moyo ulimlainika. Akaona angalau kuna mtu mmoja duniani ambaye hamlaumu. Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake Kandida, dada wa marehemu, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo pamoja na akina mama wengine.

"Shangazi, mkweo katuma salamu za rambirambi."

"Mkwe yupi? Paulina si ulimfukuza?"

"Omega, shangazi."

"Haya, soma."

Akasoma. Akina mama wakaitikia "amina". Shangazi Kandida hakuitikia. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa, akamtazama mpwa wake.

"Si uliniambia huyo ni Mngoni?"

"Ndiyo, Mngoni kabisa."

"Na sisi Wapogoro ni nani kwa Wangoni?"

"Watani."

"Sasa mtani gani anatoa pole?"

Fulgence aliitazama tena simu.

"Alipokufa mume wangu," shangazi akaendelea, "Wangoni wa hapa Ifakara walikuja na kelele tangu barabarani. Mmoja akalala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mwingine kavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anadai chai. Mimi mjane nilicheka mpaka nikalia, na nilikuwa sijalia tangu asubuhi. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Huyo wako kaandika kama kadi ya dukani."

"Labda kaona aibu, shangazi. Hanijui nyumbani."

"Mngoni aone aibu kwenye msiba wa Mpogoro?" Wale akina mama wakacheka kwa kuziba midomo. "Mchunguze vizuri huyo mtu wako."

Shangazi akarudi kwenye mchele wake. Lakini neno lilishaingia, na Fulgence hakuweza kulitoa tena.

Alijaribu. Alijiambia shangazi ni mtu wa zamani, hajui mambo ya mtandao. Alijiambia watu wa siku hizi wametulia. Kadiri alivyojiambia ndivyo shaka ilivyozidi kumwasha.

Ngoja niseme kidogo kuhusu hilo gemu, maana wako wanaodhani ni kurusha ndege na kupasua maputo. Linaitwa Falme za Magugu. Unaingia ukiwa mtu mwingine, mwindaji au mganga au mhunzi, unapewa upanga mbovu na unaachiwa dunia nzima. Fulgence alilianza zamani, enzi za kompyuta za kulipia pale karibu na stendi, kabla halijahamia kwenye simu, anaingia na marafiki zake wa sekondari. Kila kitu kilipatikana kwa jasho. Ukitaka ngao, uchimbe madini. Ukitaka farasi, umfuge toka mtoto. Na usiku ukiingia kwenye dunia ile mnakaa kandokando ya moto, mnapiga soga na watu wa Mbeya, wa Kitale, wa Lubumbashi.

Halafu kampuni iliyolitengeneza ikauzwa. Wenye mali wapya wakaanza kuuza ngao dukani, na farasi, na hata jasho lenyewe. Mtoto aliyejiunga jana anakupita akiwa na upanga uliokutoa wewe machozi mwaka mzima. Wakongwe wakaanza kuondoka. Kikosi cha Fulgence, kilichokuwa kimejaa watu wa bonde hili kuanzia Kidatu hadi Mlimba, kikabaki magofu. Marafiki wakaoa, wakalima, wakasahau.

Yeye alibaki kwa ajili ya Omega. Hilo hakumwambia mtu, ila mimi nawaambia. Mwanamke huyo alimjulia hali kila siku, akamtukana kila siku kama inavyotakiwa kwa mtani, mpaka matusi yakageuka mapenzi. Mwaka huu, alipomwandikia kwamba anataka kutuma mshenga, akajibiwa ndiyo.

Picha yake alikuwa nayo moja tu, ya miaka ile ya mwanzo, amevaa sare ya chuo cha uuguzi, meno ya mbele yana mwanya. Sauti yake hakuwahi kuisikia. Kila akiomba wapigiane anaambiwa maiki ya simu imekufa. Naye ni fundi simu! Angeweza kuitengeneza akiwa amefumba macho. Hakuwahi kuuliza kwa nini simu ya mtu mmoja iwe mbovu miaka yote.

Kesho yake asubuhi, akiwa amekaa kwenye benchi na shangazi pembeni anachungulia, akaamua kumpima. Akaandika: "Wewe mwizi wa ng'ombe! Baba yangu kafa na hujaja hata kuiba jembe la kaburi. Wangoni mmekuwa waoga siku hizi, au mmechoka kutembea?"

Jibu likaja kabla hajashusha simu.

"Naelewa una maumivu makubwa. Ni kawaida mtu kuwa na hasira wakati wa majonzi. Niko hapa kukusikiliza."

"Yuko hapa?" shangazi akauliza. "Hapa wapi?"

Fulgence alihisi baridi mgongoni, jua la Ifakara lote lile. Akaandika tena, safari hii kwa kuomba. "Omega, nitukane kidogo. Nina hali mbaya."

"Sawa, mtani! Nyie si ndio tuliowakimbiza mpaka mkapanda milima ya Mahenge na vyungu vichwani?"

"Umeona?" Fulgence akaruka. "Umeona, shangazi? Huyo ndiye yeye!"

"Ameshawahi kukuambia hilo?"

"Mara nyingi."

"Kwa maneno hayohayo?"

Fulgence akaisoma tena. Ni kweli, yalikuwa maneno hayohayo, na vyungu vilevile. Zamani Omega alikuwa na tusi jipya kila siku, mengine ya hatari, mengine hayaandikiki gazetini. Tangu lini alianza kurudia? Hakukumbuka, na kutokumbuka kwenyewe kulimtia hofu.

"Mtani mwenye akili hasemi jambo mara mbili," shangazi akasema. "Jumamosi tunamaliza matanga, na kikao cha ukoo kipo. Wewe mwenyewe ulitaka tupeleke posa Songea, na wajomba zako wamekubali kwa kuona huruma. Sasa nitasimama pale niseme mtoto wetu anaoa nini?"

"Nipe nafasi nijue, shangazi."

"Jua haraka. Baba yako amekufa kwa kinyongo cha huyo mtu. Angalau awe mtu."

Maneno hayo yalimchoma Fulgence kuliko msiba. Akainuka bila kunywa uji, akashika njia ya sokoni.

Sokoni alikuwepo Nassib, muuza makava ya simu, waliyesoma naye na kucheza naye. Huyu Nassib aliwahi kwenda Dar, akapata kazi kwenye ofisi inayojibu malalamiko ya wachezaji kwa niaba ya kampuni ile. Siku moja akarudi Ifakara na begi lake, hakueleza kilichomrudisha.

"Pole, kaka," Nassib akampa mkono. "Nitakuja Jumamosi."

"Nassib, wewe umekaa jikoni kwa wale jamaa. Niambie ukweli. Kwenye gemu kuna watu?"

Nassib akaanza kupanga makava yaliyokwisha kupangika. "Watu kwa maana ipi?"

"Acha kunizungusha. Kikosi chetu kilikimbiwa mpaka popo wakaingia. Sasa hivi soko la mle ndani limejaa kama la hapa siku ya gulio. Wametoka wapi?"

"Unakumbuka nilivyoacha kazi?"

"Hukuniambia."

"Kwa sababu nilisaini nisiseme." Akaangalia kushoto na kulia. Jirani yake muuza dagaa alikuwa anasinzia. "Wanaitwa wakazi. Ni programu, akili mnemba. Gemu likikimbiwa, wanamwaga wakazi ili anayebaki asijione mpweke. Wananunua, wanauza, wanasalimia. Mgeni akiondoka kampuni haishtuki. Ila mkongwe kama wewe wanakuogopa, maana ukiondoka gemu linabaki halina hadithi. Kwa hiyo wanatafuta kinachokushika."

"Na mimi kinachonishika ni nini?"

Nassib akarudisha kava moja mahali pake. Wote wawili walikuwa wanajua.

"Omega ni mkazi?" Fulgence akauliza.

"Sijui, wallahi. Mimi nilikuwa mtu wa malalamiko, huko ndani hatukuruhusiwa. Ila Omega wa zamani alikuwa mtu, maana alinitukana na mimi mpaka nikaota. Jiulize kitu kimoja tu. Umeshawahi kumkosa?"

"Kumkosa vipi?"

"Umemwandikia, hakujibu. Yuko kanisani. Yuko msalani. Bando limeisha. Mtanzania gani haishiwi bando, Fulgence?"

Fulgence alirudi Lumemo kwa miguu, na njia nzima alikuwa anatafuta siku hata moja ambayo Omega alichelewa kujibu. Hakuipata. Hata ule wakati mtandao wa nchi nzima ulipoyumba, uliporudi tu, Omega alikuwa wa kwanza kumsalimia, wala hakulalamika kwamba ulikatika.

Alikasirika. Alitaka kuirusha simu mtoni, akakumbuka ndiyo yenye picha ya baba yake. Akalia kando ya barabara, mtu mzima na ndevu zake, na waendesha baiskeli waliompita wakasema ni msiba huo, mwacheni. Alikuwa amemtoa Paulina machozi mbele ya padri. Alikuwa amemwambia baba yake, kwa mdomo wake, kwamba ana mtu anayempenda kuliko wote.

Ikafika Jumamosi. Wajomba walishakaa kwenye jamvi, shangazi Kandida kavaa kitenge chake cha vikao. Fulgence alikuwa ameamua kusimama na kukiri kwamba hakuna posa, hakuna Songea, hakuna mtu. Alikuwa anatafuta neno la kuanzia.

Ndipo ikasikika kelele barabarani.

"Wapogoro! Nani kawaruhusu kufa bila kibali chetu?"

Mwanamke mnene wa wastani aliingia uani na jembe begani, hajabisha hodi. Akapita katikati ya wajomba kama nyumba ni yake. Akachukua kofia ya marehemu iliyoning'inia mlangoni, akaivaa, akakaa kwenye kiti cha mzee Viktor ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu siku ya mazishi.

"Chai yangu iko wapi? Nyie watoto mnachezea kuku wangu? Viktor huyu, nikitoka kidogo tu mnamaliza mpunga!" Akakohoa kwa kujivuta, kikohozi cha marehemu.

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Mjomba mmoja alianguka ubavu. Mjane, mama yake Fulgence, ambaye hakuwa ameongea tangu maziko, akajifunika kanga usoni, na kanga ikawa inatikisika kwa kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mngoni kaja!" shangazi Kandida akapiga kigelegele. "Huyu sasa ndiye mtani!"

Fulgence hakucheka. Alikuwa anautazama mdomo wa yule mwanamke. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya.

"Omega?"

Mwanamke akageuka, akaivua kofia. "Ndiyo mimi, mtumwa wangu. Una sura mbaya kuliko nilivyotegemea."

Hapo Fulgence alicheka. Akamshika mkono wake na kuuona ni mkono kweli, una joto, una kovu la moto karibu na kidole gumba. Shaka yote aliyoibeba wiki nzima ilimdondoka. Nassib alikosea. Shangazi alikosea. Baba yake, laiti angengoja, angeona.

Shangazi yeye hakungoja kuelezwa. Alichukua kitenge kipya ndani, akamfunga Omega begani, na akina mama wakadaka vigelegele.

"Mkwe kajileta mwenyewe! Nauli ya Songea tumeiponya!"

Omega akacheka nao, akidhani ni utani. Fulgence akamvuta taratibu hadi chumbani kwa marehemu ili waongee kidogo kabla ya kikao.

"Umejuaje leo ndiyo siku yenyewe?" akamuuliza.

"Redio. Niko zahanati ya Lupiro siku hizi, hapo tu ng'ambo ya mto. Wametangaza mzee Viktor wa Lumemo, baba wa Fulgence fundi simu, na matanga yanaisha Jumamosi. Nikasema huyu si yule Mpogoro wangu wa kwenye gemu? Mtani kafiwa, mimi nikae?"

"Lupiro?" Fulgence akashangaa. "Jana umeniambia uko Songea."

"Jana?"

"Tulivyoongea asubuhi."

Omega akamtazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa. "Fulgence, mimi na wewe hatujaongea muda mrefu sana. Tangu niolewe."

"Tangu uolewe."

"Mume wangu yuko hapo nje anafunga pikipiki. Nilikuaga, jamani! Niliandika kabisa: mtani, naolewa, hili gemu naliacha, kaa salama na ubaya wako."

Alikumbuka. Ilimrudia yote, kama mtu aliyemwagiwa maji. Ujumbe ule aliupata kweli, na siku ile hakula. Lakini kesho yake asubuhi ulikuja mwingine: *Nilikutania tu, mtani. Niende wapi?* Naye akacheka peke yake kibandani, akamshukuru Mungu. Angewezaje kutoamini? Mtani anakuaga leo, kesho anakucheka ulivyolia. Ndivyo walivyolelewa wote.

"Ulisema ulikuwa unatania," akanong'ona.

"Nani alisema?"

Nje shangazi alikuwa anaita. "Fulgence! Mlete mkwe, wazee wanasubiri!"

"Mkwe ni nani?" Omega akauliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Akakishika kile kitenge cha begani, akaanza kukifungua fundo. "Hawa watu wanazungumzia nini? Posa ya nani?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Fulgence, aliyokuwa ameiweka juu ya kitanda cha mzee, ilitetemeka. Wote wawili wakaangalia. Kwenye kioo palikuwa na jina, na ile picha ya sare ya uuguzi.

Omega aliichukua yeye. Akasoma kwa sauti, polepole. "Mpenzi, kikao kimesemaje? Mimi huku moyo wangu ni wako peke yako."

Ilikuwa mara ya kwanza Fulgence kuyasikia maneno hayo yakitamkwa na sauti ya mwanamke aliyemsubiri miaka yote hiyo. Aliumia mpaka akashika ukuta.

Omega hakumtazama. Alikuwa anapandisha ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa kidole, na uso wake ulizidi kukunjamana. Alikuta vichekesho vyake mwenyewe. Alikuta jina la mama yake mzazi. Alikuta siri aliyomwambia Fulgence zamani kuhusu mimba iliyotoka, na chini yake maneno mapya ambayo hakuwahi kuyaandika, yanaiendeleza siri ileile.

"Mume wangu hajui hili," akasema. "Hakuna anayejua hili. Nani anaishi kwa jina langu humu ndani?"

Mlango ukagongwa. Sauti ya mumewe ikauliza kwa upole, "Mama Jenifer, uko salama?"

Omega hakuitika. Aliinamia simu, akaandika kwa vidole viwili, kwa hasira: "Wewe ni nani? Mimi ndiye Omega."

Jibu halikuchelewa.

"Hapana, mpenzi. Omega ni mimi."